Jina la Mbaraka Ndani ya Seva

Mvua ilikuwa inashuka kutoka upande wa volkano, na pale Ndosho, mahali pikipiki zinapongojea abiria, watu walikuwa wanasukumana kama siku ya kugawiwa chakula. Pikipiki ilibaki moja. Charline aliishika kwa mbele, kwenye taa. Kijana mmoja wa shati jeupe aliishika kwa nyuma.

"Naenda Katindo," Charline alisema.

"Na miye Katindo," kijana akajibu.

"Basi pandeni wote wawili," mwenye pikipiki akasema. "Mama, kaa nyuma ya huyu papa. Ni mutu muzuri."

"Unamujua?"

"Hapana. Lakini iko na sura ya mutu muzuri."

"Hata wezi wa Birere wako na sura hiyo," Charline alisema. Akapanda tu, maana matone yalishaanza, na kikwembe alichojifunga, cha rangi ya machungwa, kilikuwa kipya.

Kijana mwingine angefurahia ile njia ya mawe, ya kurusharusha watu. Huyu aliweka mfuko wake wa kompyuta katikati yao, akashikilia chuma cha pikipiki. Charline aliliona jambo hilo, akaliweka moyoni. Walipofika Katindo, wote wawili wakashuka mbele ya mlango mmoja, mlango wa kliniki.

"Unanifuata?" Charline akauliza.

"Nani alikaa nyuma? Ni wewe unanifuata."

Charline akacheka. Hivyo ndivyo walivyojuana. Kijana aliitwa Mbaraka, mtoto wa familia ya Waislamu wa Goma, babu yao alikuja na biashara kutoka Maniema. Alikuwa fundi wa seva, ile mashini kubwa inayotunza mafaili ya wagonjwa. Charline alikuwa Mkatoliki, wazazi wake wakulima wa upande wa Butembo, na yeye aliishi Ndosho kwa shangazi yake Apolline. Kazi yake pale kliniki ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa kwenye mashini.

Mapenzi yalikuja haraka, na simu haikupoa.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nangoja unialike."

"Ngoja sana."

Siku moja Charline alimkuta mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, hakuna picha, hakuna rangi, maneno matupu meupe. "Juu ya nini unafanya kazi katika giza hivi?" akamuuliza.

"Picha ni za kubembeleza watu. Hapa naandika neno, seva inanijibu ndiyo ao hapana."

"Na leo unaiambia nini?"

"Naiongezea plagini. Ni kijiprogramu kidogo, unakibandika kwenye seva, kinaipa kazi mupya."

"Kazi gani?"

"Ya sentinele, mulinzi wa mulangoni," Mbaraka akasema, akamfinya shavu. Charline akacheka, hakuuliza zaidi. Hapo ndipo angepaswa kuuliza.

Nyumbani, shangazi Apolline hakulala kwa habari ya mapenzi hayo. "Mwanaume wa umri ule," alisema huku anaparua sambaza, samaki wadogo wa ziwani. "Kazi iko nayo. Shati imepigwa pasi. Nani anaipiga pasi?"

"Yeye mwenyewe, shangazi."

"Wote wanasema hivyo. Na Rutshuru anafuata nini kila mwisho wa juma?"

"Mama yake."

"Bibi yake, muke wa ndoa. Mutoto wangu, si wanawake wa Rutshuru wanakuja kuzalia pale kwenu? Mashini iko mbele yako. Tafuta kama kuko mutoto mwenye baba anaitwa Mbaraka."

Kesho yake kazini Charline akatafuta. Hakuna. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu akafunga. Lakini mashaka ni kama funza, huingia madogo chini ya ukucha, ukiyakuna yanazaa. Akawaza: kama hakuna, basi ameficha, si yeye fundi? Akatafuta kwa jina la baba wa Mbaraka. Akatafuta kwa jina la mama yake. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, alianza na Mbaraka.

Simu nazo zikabadilika.

"Uko wapi?"

"Njiani."

"Njia gani?"

"Njia tu, Charline." Lile neno la mapenzi, sheri, lilikuwa limekwisha.

Kuko mwanamke, akajiambia. Saa sita ya mchana akamnunulia mandazi, akaingia kwenye chumba cha seva bila kupiga hodi, apate kumkuta na simu sikioni. Hakumkuta na simu. Alimkuta anatazama kile kioo cheusi, na kwenye kioo aliona jina lake mwenyewe, mstari kwa mstari, na mbele ya kila mstari jina la Mbaraka.

"Hii ni nini?"

"Ni ile plagini. Mutu akiiuliza seva kitu, inaandika ni nani ameuliza, na ameuliza nini." Hakugeuka. "Kuko mutu anatoa habari za wagonjwa inje, mukubwa wetu Dokta Murhula akaniomba niweke sentinele. Nikangoja kuona mwizi. Nikakuona wewe. Charline, katika muji huu, mutu akitafuta jina lako kila siku, unajiuliza ni nani amemutuma."

"Ulijua siku zote, ukanyamaza?"

"Na wewe ulitafuta, ukasema?"

Charline akaketi, mandazi mapajani. Dokta Murhula angesoma mistari ile Jumatatu. Angemwita mwizi wa siri za wagonjwa, na hakuna kliniki ya Goma ambayo ingemwandika kazi tena. Mbaraka akaliona hilo usoni pake, na moyo ukamlainika.

"Naweza kukusaidia," akasema kwa sauti ya chini. "Nasimamisha seva. Naandika mustari mumoja, plagini inazimwa. Nafuta yale ilishaandika, nawasha seva tena. Dokta atafikiri umeme ulikatika."

Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya herufi. Charline alivitazama. Kumbe ni kitu kidogo hivyo, akawaza.

"Acha," akasema.

"Juu ya nini?"

"Kama unaweza kumudanganya Dokta na mustari mumoja, miye utanidanganya na mingapi?"

Akaenda mwenyewe kwa Dokta Murhula, akasema yote. Dokta alimsikiliza mpaka mwisho. "Siri hukuuza," akamwambia, "lakini umefungua mulango si wako." Akamtoa kwenye mashini, akamweka mlangoni kupanga foleni ya wagonjwa. Ndugu wasomaji wenye mabinti, mashini haigombezi mtu wala haimkonyezi. Inaandika tu.

Mbaraka hakupiga simu juma lile. Jumapili, watu walipotoka misa, alifika Ndosho pamoja na mjomba wake, muzee Aboubacar, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa. Shangazi Apolline akawapa viti. Hakuwapa chai.

"Mama," Mbaraka akamwambia, "nasikia uko na maulizo. Nimekuja uniulize miye."

"Uko na bibi Rutshuru?"

"Sina."

"Mutoto?"

Muzee Aboubacar akatazama miguu yake. Nje pikipiki ilipita, vumbi jeusi likaingia mlangoni.

"Niko naye mumoja," Mbaraka akasema. "Msichana. Mama yake alikufa katika kumuzaa, kule Rutshuru. Anakaa kwa mama yangu, ameanza shule, kalasi ya kwanza."

Shangazi Apolline akapiga makofi polepole. "Mwaona sasa? Na juu ya nini hukumwambia huyu mutoto wangu?"

"Niliogopa. Nikasema, siku ataniuliza nitamwambia. Akaenda kuuliza mashini."

"Na wewe ulinisoma kwa mashini," Charline akasema kutoka kwenye mlango wa jikoni. Shangazi yake alimkata jicho: mtoto wa kike hasemi wakati wakubwa wanaongea na wageni. Charline hakurudi ndani. Alimtazama yule mwanaume kama mtu anayepima kitambaa ambacho ameshaona doa lake.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Kadidja."

"Anajua habari yangu?"

"Anajua. Jana aliniuliza kama unajua kusuka nywele."

Charline akavuta kigoda, akaketi mbele yake, si kando yake.

"Basi anza mwanzo," akasema. "Niko na maulizo mengi."

Shangazi Apolline akanyanyuka, akaenda kuweka chai kwenye moto.