Fundi Hajasema

Ninayoandika yalinipata mwenyewe, simsingizii jirani. Mungu anayajua, nami nimechoka kuyajua peke yangu.

Mimi ni fundi wa sakafu. Sebuleni kwa mama, pale chini ya dohani alipokuwa akiota moto, saruji ilikuwa imemomonyoka, inakwaruza nyayo kama ulimi wa paka. Miaka mitatu alinikumbusha. "Fundi wa watu wewe," alikuwa akiniambia, "kwa mamako hata mwiko huujui." Nacheka, naondoka zangu.

Jumatatu moja ya baridi nikaenda. Nikabandua yote iliyooza kwa tindo, nikalowesha, nikajaza zege jipya. Ilibaki kulainisha juu kwa niru, ule uji mzito wa saruji. Simu ikaita: kazi ya nyumba kubwa, kwa watu wanaonisifu. Nikaanza kufunga vifaa.

"Usiwashe moto mpaka nije nimalizie, mama. Ukiwasha mapema litapasuka."

"Siku ngapi, mwanangu?"

"Saba tu."

Ya saba sikurudi. Wala ya ishirini. Na nisidanganye, sikusahau. Nilikuwa nakumbuka kila asubuhi, kisha najiambia, mama yangu huyo, atangoja.

Akangoja.

Dada yangu ndiye aliyemkuta, amejikunja kwenye kiti chake, kuni zimepangwa vizuri mbele yake. Hazijaguswa na moto. Majirani walikuwa wamemsihi awashe, walipomwona anatetemeka. Akawajibu, "Fundi hajasema."

Hospitali waliandika kichomi.

Baada ya mazishi nikaenda kumalizia. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Dada akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Leo ndiyo umepata nafasi, kaka?"

Nikakoroga niru, nikapitisha mwiko hadi ikateleza kama sahani. Siku saba nikaimwagilia maji, sikukosa hata moja. Ya nane, saa sita mchana, nikawasha.

Kuni zikashika. Miali ikapanda. Lakini mimi nilihisi baridi.

Nikasogea. Baridi ikazidi. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja cha kulia kwenye saruji, shubiri moja kutoka kwenye makaa.

Barafu.

Nyuma yangu, kwenye kile kiti, mtu akavuta pumzi. Taratibu. Kama asiyetaka kumsumbua mtu kazini.

"Mwanangu," sauti ikanong'ona. "Niwashe?"

Moto unawaka mbele yangu, naye anauliza. Nilitakiwa kusema neno moja. Washa, mama. Basi. Ulimi ukagoma.

Nikakimbia.

Kosa la kwanza, la kutorudi, nimelitubu. Hili la pili, la kukimbia, kila nikisujudu nainuka nalo.

Tangu siku ile mkono wa kulia haujapata joto. Daktari amenipima, anasema damu inatembea vizuri. Mke wangu ananiomba nilale nimeukunja mkono ule mbali naye. Tukitoka kwenye ibada, mtu akinipa mkono huuvuta wake upesi, akausugua kwenye nguo.

Mwezi uliopita dada alikubali niende kwake. Nikampa mkono. Hakuuachia. Aliushika kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nikajua amenisamehe.

Kisha akaulaza juu ya meza, polepole, akavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja.

"Wa mama ulikuwa hivihivi," akasema, "nilipokuwa namwosha."