Ramani Isiyojua Daraja

Nyumbani kwa Jolene Brandvold kila mtu alijua zamu yake. Jolene alikuwa mpeleka barua wa posta. Alitoka saa moja asubuhi, giza likiwa bado, theluji ikilia chini ya viatu. Alirudi saa kumi na moja na nusu jioni. Mumewe, Curt, alifanya kazi katika ghala, zamu ya mchana mpaka usiku. Asubuhi yeye ndiye aliyewapikia watoto uji wa shayiri na kutafuta glavu iliyopotea. Kila siku kulikuwa na glavu iliyopotea.

Watoto walikuwa wawili. Maren alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane. Britta alikuwa na sita. Shule zao zilikuwa kwenye barabara moja, ng'ambo ya kijito, na Shule ya Sekondari Stenmark ilikuwa hapo hapo. Saa tisa Maren alimchukua mdogo wake mlangoni mwa shule. Walivuka daraja dogo la waenda kwa miguu, wakafika nyumbani. Maren alikaa na Britta mpaka mama arudi. Mwaka ujao Maren angeingia Stenmark, na mambo yangeendelea vile vile.

Jumatatu moja ya Januari ilikuja barua ya wilaya ya shule. Jolene aliisoma akiwa amesimama jikoni, koti bado mwilini. Akaisoma tena. Barua ilikuwa na kurasa nne, na kila ukurasa ulikuwa na maneno ambayo hakuna binadamu anayeyatumia nyumbani kwake.

"Maren," aliita, "hebu njoo unisomee hapa. 'Eneo la mipango namba 112 linapendekezwa kuhamishwa katika Ramani ya Tatu, toleo la pili.' Sisi ni nani hapo?"

Maren aliangalia. "Sisi ndio 112, mama. Wananipeleka Pike Hollow."

Pike Hollow ilikuwa sekondari nyingine, mbali, kando ya barabara kuu. Basi lingemrudisha Maren saa kumi na robo. Britta alitoka shuleni saa tisa. Jolene alihesabu kwa vidole. Saa moja na robo, kila siku, mtoto wa miaka sita peke yake.

Alipiga simu wilayani. Simu ikapiga muziki dakika ishirini, kisha ikakatika. Alifungua tovuti ili aandike maoni. Tovuti ikamwambia ajaribu baadaye. Akajaribu baadaye. Ikamwambia vile vile.

"Mimi napeleka barua elfu moja kwa siku," alimwambia Curt kwenye simu, "zote zinafika. Hawa wameshindwa kupokea moja."

Mtaani kwao, Alder, hasira ilikuwa imeshapata kiongozi. Trish Hallenbeck aliishi mbele zaidi, nyuma ya uwanja wa gofu, na alijua kila mtu. Alipita nyumba kwa nyumba na mabango ya kusimika uani: MSIIGUSE STENMARK. Alikuwa pia na karatasi ya kutia saini.

"Shoga, tia saini hapa," alisema. "Tukikaa kimya tumekwisha. Nyumba zetu zitashuka bei."

"Inasema nini?"

"Inasema tusiguswe. Nini tena? Kalamu hii hapa."

Britta alikuwa analia ndani kwa sababu ya soksi. Jolene alitia saini bila kusoma.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa Stenmark. Watu walijaa mpaka ukutani. Dakika arobaini za kwanza bodi ya wilaya ya shule ilibishana juu ya kumbukumbu za mkutano uliopita. Kisha mtaalamu akaonyesha ramani. Stenmark ilijengwa kwa wanafunzi elfu moja na mia nne. Sasa walikuwa karibu elfu moja na mia nane. Wengine walisomea kwenye makontena uani. Pike Hollow ilikuwa imeongezwa madarasa, na yalikaa matupu. Jambo lilikuwa wazi, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kila mmoja alikuwa ameshika karatasi yake, anangoja zamu.

Mwanamume mmoja alisema watoto wa Pike Hollow ni wahuni. Msichana wa Pike Hollow, aliyekaa na baba yake mstari wa pili, aligeuka akamtazama mpaka mwanamume yule akasahau alikofikia. Mwanamke mwingine alisema alizaliwa karibu na Stenmark na atazikwa karibu na Stenmark. Watu wakapiga makofi. Jolene hakuelewa walichokuwa wanashangilia.

Zamu yake ilifika baada ya saa mbili na nusu. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Jolene alieleza walivyonunua nyumba. Alieleza kodi wanayolipa. Alieleza ugumu wa kuwapata kwa simu. Alipofika kwa Britta, kengele ikalia.

"Asante," alisema mwenyekiti bila kuinua kichwa. "Anayefuata."

"Sijamaliza."

"Muda umekwisha, mama. Anayefuata."

Nje, kwenye maegesho, Jolene alikwangua barafu kwenye kioo cha gari kana kwamba kioo ndicho kilichochora ramani. Gari la pembeni lilikuwa la jirani yake, Verna Ostby. Verna alikuwa na miaka sabini na mbili. Kwa miaka thelathini alikuwa amepanga njia za mabasi ya shule katika wilaya hiyo hiyo. Naye alikuwa anakwangua.

"Umesema vizuri," Verna alisema.

"Wewe, usinitanie."

"Basi sitakutania. Umesema maneno mengi, na hakuna hata moja wanaloweza kuliandika."

Jolene aliacha kukwangua. "Maana yake nini?"

"Maana yake njoo kwangu Jumamosi, uje na hiyo barua. Nitaoka mkate. Na ukija, hasira yako iache na viatu vyako mlangoni."

Jumamosi Verna alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Bodi ina mambo manne tu inayoyapima," alisema. "Yameandikwa ukurasa wa tatu, ambao hakuna anayeufungua. La kwanza, nafasi shuleni. La pili, umbali na usalama wa mtoto anayetembea. La tatu, mtoto asihamishwe mara mbili. La nne, mabasi. Bei ya nyumba yako haimo. Kodi yako haimo. Kuzaliwa kwa yule mama na kaburi lake havimo."

"Na Britta?"

"Britta pia hayumo, na inauma, lakini ndivyo ilivyo. Sasa, jambo la pili. Mtoto akiishi ndani ya maili moja, hapewi basi, anatembea. Na eneo la watembeao huwa la mwisho kuhamishwa. Kwako mpaka Stenmark ni umbali gani?"

"Nusu maili. Zaidi kidogo."

"Wao wameandika maili moja na robo tatu."

Jolene alicheka, lakini si kwa furaha. "Hao wamelewa."

"Hawajalewa. Wamepima kwa barabara, kwa kuzunguka barabara kuu. Lile daraja la kijito lilijengwa miaka miwili iliyopita na idara ya bustani. Idara ya bustani haizungumzi na wilaya ya shule. Kompyuta haiwezi kuvuka daraja isilolijua."

Jolene alikaa kitini. Wiki mbili za kelele, mabango, dakika ishirini za muziki wa simu, na kumbe ni daraja. Alitaka kumlaumu mtu, lakini hakujua aanze na nani.

"Kuna jingine," Verna alisema. "Umetia saini karatasi ya Trish?"

"Ndiyo."

"Uliisoma?"

Verna akamsogezea nakala. Karatasi ilisema Alder ibaki, na badala yake eneo namba 113 lihamishwe. Eneo la 113 lilikuwa majengo ya Ferngate, vyumba vya kupanga, upande wa pili wa mtaa wao. Watoto wa Ferngate walivuka daraja lile lile.

"Umetia saini kukata tawi ulilokalia," Verna alisema. "Ukisema Ferngate wako mbali, na wewe uko mbali. Nenda kaongee nao. Hesabuni watoto, pimeni njia, andikeni pamoja. Muda wa maoni unaisha tarehe kumi na nne."

Jumapili Jolene aligonga mlango wa Pakou Lor. Pakou alikuwa mama wa watoto watatu, fundi wa kushona mapazia hospitalini, na watu wa Ferngate walimpelekea kila barua iliyowashinda. Alifungua mlango nusu.

"Nakujua," alisema. "Jina lako ni la kumi na saba kwenye karatasi."

Jolene alikuwa amejiandalia maneno, yote yakayeyuka. "Nilitia saini bila kusoma," alisema. "Ni ujinga. Nimekuja kuomba radhi, na kuna jambo kuhusu daraja."

"Kwa hiyo mlipotaka tuondoke hamkutuhitaji. Sasa mnatuhitaji."

"Ndiyo," Jolene alisema. "Ndivyo ilivyo. Siwezi kuipamba."

Pakou akaufungua mlango wote. Harufu ya mchuzi wa tangawizi ilitoka nje. "Vua viatu," alisema. "Baridi inaingia. Na usidhani nimekusamehe, nimekukaribisha tu."

Ndani, Jolene alipata kujua kwa nini hakuna mtu wa Ferngate aliyekwenda mkutanoni. Wengi walikuwa kazini saa ile. Barua ilikuja kwa Kiingereza tu, na wazee hawakuweza kuisoma. Pakou alipiga simu wilayani mara tatu.

"Na wewe walikupigia muziki?" Jolene aliuliza.

"Wimbo ule ule. Mpaka mwanangu ameukariri."

Hapo ndipo walipocheka pamoja mara ya kwanza, kidogo.

Wiki iliyofuata walifanya kazi. Verna aliwaazima gurudumu lake la kupimia njia. Walilisukuma kutoka Alder hadi mlango wa Stenmark, kisha kutoka Ferngate. Theluji iliganda kwenye gurudumu, wakaanza upya mara mbili. Maren alipiga picha za daraja, taa zake na kibao chake chenye tarehe. Asubuhi tatu mfululizo Pakou alisimama darajani kabla ya kazi, akahesabu wanafunzi wa Stenmark waliovuka. Siku waliyovuka wachache kabisa, walikuwa sitini na moja.

Trish alipopata habari, alikuja mlangoni bila kuvua kofia.

"Nasikia umeomba jina lako lifutwe."

"Nimeomba."

"Umetusaliti, Jolene. Sisi watu wa Alder."

"Wewe huishi Alder, Trish. Unaishi nyuma ya gofu. Na mtoto wako anapanda basi tayari."

Trish aliondoka. Jioni hiyo hiyo alimtoa Jolene kwenye kundi la majirani la simu. Curt alisema hiyo ndiyo habari njema ya kwanza tangu Januari.

Maoni yao yalikuwa ukurasa mmoja. Namba za maeneo, 112 na 113. Umbali wa kila moja. Hesabu ya watoto. Picha mbili. Mwishoni waliomba jambo moja tu, wilaya ipime upya kwa kutumia daraja. Tovuti ilikataa tena. Safari hii Jolene hakujaribu baadaye. Aliipeleka barua kwa mkono, akadai mhuri wa kupokelewa, akasimama pale mpaka akaupata. Nakala nyingine aliituma kwa posta ya rejista, kwa sababu posta aliiamini.

Mkutano wa pili uliahirishwa kwa theluji. Wa tatu uliahirishwa kwa sababu kipaza sauti kiliharibika. Ilikuwa mwisho wa Machi bodi ilipokaa. Pakou alikuwa ameomba mkalimani, naye alikuwepo, na wazee sita wa Ferngate walikaa mstari wa mbele. Pakou alisema kwa dakika moja na sekunde kumi. Hakutaja bei wala kaburi. Mwenyekiti aliinua kichwa.

"Daraja hili," alimwuliza mtaalamu, "ni kweli lipo?"

Mtaalamu akapekua karatasi zake. "Lipo. Tumekwenda kuliona. Halikuwemo kwenye ramani yetu. Kosa ni letu."

Maeneo 112 na 113 yaliwekwa katika eneo la watembeao, yakabaki Stenmark. Lakini Stenmark ilikuwa bado imejaa, na ilikuwa lazima wanafunzi wengine wahamishwe. Bodi ilichagua nyumba za nyuma ya gofu. Watoto wao walikuwa wakipanda basi tayari, na Pike Hollow ilikuwa karibu nao zaidi. Jolene alifurahi, kisha akamwona Trish mlangoni, amekunja karatasi zake mpaka zikawa ndogo kabisa.

Septemba Maren alianza Stenmark. Saa tisa alimchukua Britta pamoja na mtoto mdogo wa Pakou, wakavuka wote watatu. Siku ambazo Pakou alimaliza kazi mapema, yeye ndiye aliyewapokea. Tangu hapo barua yoyote ya shule iliyoingia Alder au Ferngate ilisomwa mara mbili, kwa sauti, mezani kwa Verna, ukurasa wa tatu ukiwa wa kwanza.

Jumatano moja ya mwezi huo Trish alibisha hodi. Alikuwa amevimba macho. Binti yake alikuwa amebakiza mwaka mmoja Stenmark, na sasa alikuwa amehamishwa.

"Nimewapigia," alisema. "Wananipigia muziki."

"Najua ule muziki," Jolene alisema. "Sikiliza. Aliyebakiza mwaka wa mwisho anaruhusiwa kubaki, ila lazima mzazi aombe. Kuna fomu, imetajwa kwenye barua yao. Ukurasa wa tatu. Usafiri utakuwa juu yako."

Trish alibaki kizingitini. "Baada ya yote niliyokufanyia, kwa nini unaniambia?"

Jolene alikuwa amechoka. Alikuwa ametembea maili kumi na moja siku hiyo, na Britta alikuwa anapiga kelele tena juu ya soksi.

"Kwa sababu mwisho ni Ijumaa, Trish," alisema. "Ingia ukae. Na safari hii soma kabla ya kutia saini."