Mdudu Asiye na Mume

Nina miaka hamsini na mitatu, mkaazi wa Utange, Kisauni. Shule niliiona dirishani tu, nikimpelekea mwalimu maziwa. Haya ninayosema anayaandika binti yangu Kadzo, na nimemkataza asinirekebishe hata neno moja.

Wanaonijua watawaambia mimi ni mtu wa maneno. Nikidonolewa na kuku, nikifika nyumbani ni mbuni! Nikinyeshewa manyunyu, nasema nimevuka gharika. Watu hucheka, nami nacheka nao. Nani angedhani mdomo huu huu ungekuja kunitia kaburini ningali natembea?

Mambo yalianza alipokuja Daktari. Tulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata mafua! Dada mdogo wa kutoka bara, mpole, na kila asubuhi "Shikamoo, Baba Kadzo." Kazi yake ilikuwa kutafuta vidudu vya kwenye majani, vidogo kama punje ya simsim, vinavyofyonza maji ya mti. Alitaka mtu anayeujua vizuri msitu wa kaya, ule msitu mtakatifu wa wazee wetu. Watu wakamleta kwangu mbio mbio. Kwani si mimi niliyewahadithia miaka yote jinsi nilivyolala humo na chui, tukigombania shuka?

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeingia humo mara mbili, na mara zote nilitoka nikikimbia. Lakini heshima ile… ningeiachaje?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unatandaza kitambaa cheupe chini ya tawi, unalipiga tawi kwa fimbo, vidudu vinaanguka. Kisha unavivuta kwa pumzi kupitia mpira mwembamba, vinaingia kichupani. Mama Kadzo aliponiona nafanya mazoezi alishika kiuno. "Mume wangu, wenzio wananyonya miwa. Wewe wanyonya kunguni?"

Kila kichupa kilitiwa kikaratasi: mti gani, mahali gani, siku gani, nani kaokota. Mimi sijui kuandika, basi Daktari aliandika yaliyotoka mdomoni mwangu. Akaniambia, "Baba Kadzo, mdudu bila karatasi ni uchafu tu. Hii karatasi ndiyo roho yake."

Nilikaa wiki nzima nikienda kaya kweli. Wiki ya pili mvua ikanyesha, magoti yakaniuma, uvivu ukanipanda kichwani. Nikasema, mdudu si mdudu tu? Nikaenda nyumba ya pili, kwa dada yangu Dama, nikaupiga mti wa Nyevu.

Hapa ndipo mkono wa Kadzo unapokuwa mzito…

Nyevu alikuwa binti wa Dama, wa pekee. Aliishi siku tisa. Mumewe Dama naye akafuata mwaka ule ule. Tulipomzika mtoto uani, marehemu mama yetu alileta mche aliouchimbua kwao ndani ndani huko, mahali ambapo sasa ni machimbo ya mawe. Jina la mti ule hatukulijua. Dama akaupanda kichwani pa kaburi, ukakua hadi ukapita paa. Hakuna jiwe, hakuna msalaba, ni mti ule tu. Kila asubuhi Dama alifagia chini yake na kusema, "Umeamkaje, mama?" Watu wakafikiri ana wazimu. Mimi nilijua ni mapenzi.

Basi niliupiga mara tatu, wakaanguka vidudu vitano, nikavinyonya. Jioni nikampa Daktari kichupa na kisa juu yake! Nikamwambia nimevitoa katikati ya kaya, juu ya mkwaju, na chatu mnene kama mlingoti wa stima amenizuia njia, nikamwamkia, akapisha. Daktari alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kisha akaandika: kaya, mkwaju, na jina langu.

Haikupita mwezi akanipigia simu analia kwa furaha. Akanieleza hivi: "Baba Kadzo, huyu si mtoto mpya katika nyumba tunayoijua. Hii ni nyumba mpya kabisa katika mtaa!" Yaani ukoo mzima wa wadudu ambao haujawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Mtaa mzima ulinipigia makofi. Niliitwa Simba wa Kaya. Nilitembea kifua mbele kama nimewazaa mimi!

Lakini palikuwa na jambo. Wale watano wote walikuwa majike. Ili aandike maelezo yatakayokubalika na wakubwa wake, Daktari alihitaji dume, maana umbo la mkia wa dume ndilo linaloonyesha ukoo ni upi. Akanifundisha: jike mviringo, dume jembamba, mabawa yanapita mkia, pembe nyekundu. Bila dume, kazi yake ya miaka ingebaki nusu.

Tukaenda kaya mara nne. Wazee wa kaya wakatupa ruhusa, tukavua viatu, tukapiga kila mkwaju uliosimama. Patupu! Daktari akachomwa na upupu, akashikwa na malaria, akarudi tena amekonda. Kila mara aliniuliza, "Baba Kadzo, una hakika ni hapa?" Nami naapa, "Haki ya Mungu tena, ni hapa hapa!"

Mtaniuliza, kwa nini sikwenda kimya nikaupiga tena mti wa Nyevu? Nilikwenda! Lakini kilikuwa kiangazi, na vidudu vile huja na mvua. Nikangoja. Na mvua ya kwanza iliponyesha, Daktari naye akaja.

Tulitoka kaya mikono mitupu siku hiyo, amechoka hoi. Dama akamhurumia, akamtandikia mkeka uani, chini ya mti, akamletea chai na mahamri. Jambo lililotokea pale kwenye chai nitalisema mwishoni, nikipata nguvu.

Daktari akainua macho. "Mti gani huu? Sijauona upande huu."

"Ah, takataka tu," nikasema.

"Wiki ijayo nije tuupige nao, Dada Dama?"

"Karibu sana, mwanangu," Dama akajibu.

Jamani! Akiupiga tu, atajua. Chatu, mkwaju, viapo, vyote vingeanguka kwenye kitambaa cheupe! Sikulala. Jumapili, Dama alipokwenda kanisani, nilichukua panga na shoka… Nikaukata mti wa Nyevu. Matawi nikayachoma.

Dama aliporudi nilimwambia mti ulikuwa umeliwa na mchwa, ungeiangukia nyumba. Alikwenda kwenye kisiki akakipapasa. Kilikuwa cheupe, kizima, kinatoa maji.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Kaka, mchwa wa siku hizi hutembea na panga?"

Daktari alipokuja nilimwambia dada ameomba mti uondolewe. Akasikitika, akaenda zake.

Mwaka huu alirudi na kitabu kilichochapwa. Alikuwa ameandika hivyo hivyo, kwa majike peke yake. Tukakusanyika uani kwa Dama atusomee. Akatuonyesha picha, mdudu amekuzwa hadi amekuwa kama kaa! Ukoo ameupa jina la ile kaya. Akatafsiri: "Mahali: ndani ya kaya. Mti: mkwaju. Aliyeokota…" na jina langu hilo, watu wakashangilia. Kisha akasoma kwa sauti ya chini: "Dume: hajulikani."

Dama akaikaribia picha.

"Huyu namjua," akasema. "Si wa kaya huyu. Ni wa mti wa Nyevu. Kila mvua walikuwa wakiniangukia kwenye uji."

Daktari akanitazama mimi. Akakitazama kisiki. Akapiga magoti pale, akatandaza kitambaa chake cheupe kwenye nyasi, akapigapiga kwa mkono… Hakuna kitu. Hata siafu hakuna.

"Ungeniambia ulishikwa na uvivu," akasema, "wallahi ningecheka tu."

Aliondoka bila kuniamkia. Dama haongei nami. Nikimsalimu humjibu Kadzo, utadhani ndiye aliyesalimu.

Na mimi, mtu wa maneno, sina tena hadithi. Nikiona kitu cheupe naona nukta inatembea. Kwenye wali. Kwenye shuka. Kwenye kitambaa cha meza ya Bwana, mchungaji anahubiri, nami naona nukta inatembea na pembe nyekundu! Napepesa macho, haipo. Sasa kila mvua nakwenda kwenye kisiki kutazama kama kimechipua. Dama hunitazama kutoka mlangoni. Hanifukuzi, wala hanikaribishi.

Wasomaji wangu, nawasihi! Chumvi tieni kwenye mchuzi. Mtu akikuuliza "hiki umekitoa wapi?" mwambie ulipokitoa, hata kama ni chooni kwako. Uongo wa kuchekesha nao hudai kulindwa, na siku ya kuulinda hautakuchekesha.

Sasa lile la kwenye chai…

Daktari alipokuwa akinywa, kidudu kilianguka kwenye mkono wa nguo yake. Chembamba. Mabawa yamepita mkia. Pembe nyekundu. Yeye alikuwa anapuliza chai, hakukiona. Mimi nilikiona, nikakijua. Nikanyoosha mkono nikasema, "Pole, siafu," nikakiponda kwa kidole gumba. Naye akaniambia, "Asante, Baba Kadzo."

Wameandika dume hajulikani. Kuna mtu mmoja duniani aliyemwona.

Hili sijamwambia Daktari, wala Dama, wala mke wangu. Kadzo ndiyo kwanza analisikia. Ameweka kalamu chini, ananitazama.

Andika, mwanangu. Andika lilivyo, usinipunguzie.