Munkoyo Kwenye Tundu la Chaja

Kila Jumamosi asubuhi Syntiche hufagia sebule ya nyumba yao mtaani Kamalondo na kufuta meza, kisha hunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi anachotengeneza mama yake, Mama Edith. Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Kompyuta ya kaka yake Guelor ilikuwa mezani, betri imekwisha. Kwa uvivu, Syntiche alifuta meza kwa mkono mmoja, kikombe kikiwa mkono wa pili. Kikamponyoka, munkoyo ikamwagikia ubavuni mwa kompyuta. Akaipangusa haraka, akanyamaza.

Umeme uliporudi mchana, Guelor, aliyekuwa ametoka, alikuja mbio, akachomeka chaja. Taa ya chaji haikuwaka. Akahamia soketi nyingine. Wapi! Akatoa betri, akairudisha, akabonyeza kitufe mpaka kidole kikamuuma. Akaazima chaja kwa jirani, akaisukuma kwa nguvu zote. Kompyuta kimya!

"Lakini hii ordinateur iko na nini?" akafoka. "Lundi asubuhi natoa memwari, na yote iko humu!" Memwari hiyo, ya kuwasilishwa Jumatatu, ndiyo kazi aliyoiandika mwaka mzima ili amalize chuo.

"Ni courant, yaya," Syntiche akamjibu kaka yake, macho chini. "Kisha kurudia tu, Doudou akaanza kusude byuma."

Doudou ni jirani yao mwingine, fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yake ikiwaka, taa za majirani hufifia. Tena mjini kwao kila kinachoharibika ni kosa la courant, yaani umeme, kwa hiyo Guelor alikubali bila kuuliza. Akatoka amefura kwa hasira. Syntiche na mama yake wakamfuata.

Walimkuta Doudou langoni mwake, begi la safari begani.

"Wee Doudou! Mashini yako imeniulia ordinateur!"

"Mi? Natoka Kasomeno, sasa hivi nashuka ku bisi! Ona, atelier ingali ya kufungwa." Akanyoosha kidole kwenye karakana yake yenye kufuli.

"Muongo!" Guelor akapiga kelele. "Muongo mukubwa!"

Watu wakaanza kujaa. Syntiche alimtazama Doudou akizungukwa, akamshika kaka yake mkono.

"Yaya, wacha," akalia. "Doudou hakufanya kintu. Mi njo nilimwanga munkoyo ku ordinateur. Niliogopa."

Guelor akashika kichwa. "Na ulikuwa unaniangalia tu nikihangaika!"

Hakungoja jibu. Alirudi ndani, akamulika tundu la chaja kwa simu. Lilikuwa limezibwa na chembe za mahindi, naye kila aliposukuma chaja alizidi kuzishindilia. Akazichokoa taratibu kwa kijiti cha meno, akasafisha kwa pamba yenye spiriti, akaacha pakauke. Jioni alichomeka tena. Taa ikawaka. Guelor alishusha pumzi, lakini hakucheka.

"Nilimutukana mutu bure," alisema, akatoka kwenda kumwomba Doudou radhi.

Mama Edith akamketisha Syntiche karibu naye.

"Munkoyo inaweza kumwangika kwa kila mutu, mutoto wangu. Kwa ile sikukasirikie. Kama ungesema asubuhi, tungesafisha, ingeisha. Lakini ulidanganya, yaya yako akatafuta ugonjwa kwenye haiko, na Doudou akaitwa muongo mbele ya bantu. Kosa ikiwa ingali kidogo, sema. Sasa simama. Jina ya Doudou, wewe njo uliichafua. Enda uisafishe."

Syntiche akafuta machozi, akaenda.