Tangazo la Nyuma ya Mlango

Zamani Mama Vifungo alikuwa ameshakaa kwenye cherehani kabla chai haijachemka. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu alishona sare za shule, na vifungo vyake havikung'oka. Sasa ni wiki ya tatu anashona kwa mkono. Vidole vinamuuma, na kazi ya siku moja inamchukua siku nne.

Cherehani aliipeleka kwa fundi abadilishe mkanda. Fundi akaisahau barazani, ikaibiwa. Mama Vifungo alipoidai, fundi alifunga mlango wa duka, akamwonyesha tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango huo: "Mali ikipotea hatuhusiki."

"Soma mwenyewe, mama," alisema.

Mama Vifungo akafungua kesi. Ingesikilizwa Ijumaa.

"Usijisumbue," mumewe alimwambia. Mume huyu ni fundi bomba, na hakuna jambo asilolijua. "Binamu yangu alishinda kesi ya pasi ya nguo iliyopotea kwa fundi, mahakama ile ile. Tumwambie hakimu hivyo, basi."

Jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa amekuja kushonewa upindo wa sketi. Alicheka kidogo.

"Shemeji, hiyo haitawafikisha mbali."

"Kwani mahakama si ile ile?"

"Ndiyo shida yenyewe. Mahakama zina ngazi. Uamuzi wa hakimu mmoja haumlazimishi hakimu mwenzake wa ngazi hiyo hiyo. Lakini mahakama ya juu ikishaamua jambo, zilizo chini yake lazima zifuate, kesi zikifanana."

"Sasa hakimu wa chini ana kazi gani? Si anaiga tu?"

"Haigi. Anapima kwanza kama kesi zinafanana kweli. Zikifanana, anafuata. Hebu fikiria, wewe na mwenzako mna shida moja. Yeye apewe haki, wewe unyimwe, eti kwa sababu hakimu wako ameamka vibaya?"

Mume akamvutia karani kiti.

Karani aliikumbuka hukumu moja ya mahakama ya juu. Makarani waliizoea kwa jina la kesi ya baiskeli: mtu alipotezewa baiskeli na fundi, akashindwa mahakama ya chini, akakata rufaa. Kesho yake alimpeleka Mama Vifungo masjala, chumba chenye mafaili hadi darini, wakapata nakala.

"Lakini mimi sina baiskeli," Mama Vifungo alisema.

"Usitazame kitu, tazama sababu. Soma hapa."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Tangazo halimfungi mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kuliona kabla ya kukabidhi mali yake." Akarudia mara mbili. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu cherehani ipotee.

Ijumaa, Mama Vifungo alimkabidhi hakimu nakala ile. Fundi alisimama na kujibu.

"Mheshimiwa, ile ni baiskeli, hii ni cherehani. Wapi na wapi?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Hoja yako ni halali. Kama kesi zinatofautiana kwa jambo la msingi, sitaifuata hukumu hii. Basi niambie, mchana mlango wa duka lako unakuwaje?"

"Wazi, mheshimiwa. Wateja wataingiaje?"

"Ukiwa wazi, tangazo linaonekana?"

Fundi alikuna shingo. "Mpaka uufunge."

"Alipokukabidhi cherehani, ulikuwa umefungwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasoma uamuzi. Alisema vitu ni tofauti, lakini sababu ni ile ile, na mahakama yake inalazimika kuifuata. Tangazo halimkingi fundi. Alikuwa mzembe, kwa hiyo ampe Mama Vifungo cherehani nyingine ya aina ile ile.

Wiki iliyofuata cherehani ilifika. Fundi aliileta mwenyewe, na siku hizi tangazo lake liko mbele, juu ya meza, kwa herufi kubwa. Wateja wanalisoma kwanza, kisha wanaamua kama watamwachia vitu vyao.

Karani alikuja kuchukua sketi. Alimkuta Mama Vifungo anashona, huku nakala ya hukumu iko kando ya bobini ya uzi.

"Bado unaisoma?"

"Nilikuwa namfikiria huyu mwenye baiskeli," Mama Vifungo alisema. "Angekata tamaa njiani, leo ningeshika nini mahakamani? Na wala hanijui." Alikata uzi kwa meno. "Ningempata, ningemshonea shati."