Skrubu Nne za Meza

Kilichoanza ni kifuniko cha sufuria. Mke wa fundi alikiinua, kishikio kikabaki mkononi na kifuniko kikabaki kwenye sufuria.

"Baba watoto, si ulikikaza hiki juzi?"

"Nilikikaza."

Na kweli alikuwa amekikaza. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kaza, kwa kuwa kitu kikishapita mikononi mwake hakilegei tena. Alicheka, akakikaza upya, akarudi uani kwenye karakana yake, kibanda cha mabati kilichonuka grisi. Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana: mashine ndogo ya kuchonga chuma, aliyoileta siku tisa zilizopita.

Kuichagua kulimchukua miezi saba. Dukani zilikuwepo mpya, zinang'aa, lakini aliyoijaribu ilitetemeka mwili mzima kisu kilipogusa tu chuma, kama mgonjwa wa homa. Aliyoitamani ni ile ya marehemu mwalimu wake wa ufundi: fupi, nzito, meza yake imetulia kama kaburi. Tatizo ni kwamba mjane wake hakutaka kuitoa.

"Labda mkwe wangu ataitumia," alisema, akaingia jikoni kuchemsha chai.

Hapo Fundi Kaza alitoa bisibisi mfukoni, akalegeza skrubu nne za ubavuni zinazoibana meza isiyumbe. Mjane aliporudi na birika, akamwambia, "Njoo ushike hapa, mama, uone kama haichezi." Mama akashika. Ikacheza. "Imekwisha hii. Ni chuma chakavu. Acha nikuondolee uzito nyumbani."

Mama yule aliitazama meza, akamtazama na yeye. "Haya. Chukua."

Baada ya kifuniko ililegea bawaba ya mlango, kisha miguu ya stuli, na skrubu zake hazikuonekana. Na kila adhuhuri, mtaa ukiwa umenyamaza kwa joto, karakana ilitoa mlio mdogo, kri, kri, kri, wa gurudumu la mashine likizungushwa na mtu asiye na haraka. Fundi Kaza alipofungua mlango hapakuwa na mtu. Ilikuwepo harufu ya mafuta ya kupozea chuma, ile ile iliyoganda kwenye koti la mwalimu wake, na juu ya meza skrubu zote zilizopotea nyumbani zilikuwa zimefutwa na kupangwa mstari, kuanzia ndogo hadi kubwa, vichwa vikielekea mlangoni. Alimjua mtu mmoja tu aliyepanga hivyo.

"Tumwite mganga," mkewe alinong'ona.

"Mganga wa nini? Ni joto tu linalegeza vyuma."

Aliogopa, maana mganga angeanza kwa kuuliza nyumba hii imeleta nini kipya, na jibu lingelazimika kuanzia kwenye bisibisi.

Ijumaa adhuhuri mlio ulianza tena, lakini safari hii haukubaki karakanani, ulivuka uani, ukapita jikoni ambako mkewe alisimama na mwiko hewani asithubutu kugeuka, ukaingia chumbani kwa mama mzee wa Fundi Kaza, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu ambacho mwanawe mwenyewe alikiunda na kukikaza nati moja moja, na kabla fundi hajafika mlangoni akasikia gurudumu likibingirika sakafuni peke yake, kisha mtu akianguka.

Alimwinua. Kiwiko cha mama kilikuwa kinavuja damu.

"Mwanangu," mama alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu humu anafungua vitu. Umemfanyia nini?"

"Kwa nini unaniuliza mimi, mama?"

"Kwa sababu kabla hajafungua anakuita wewe. 'Kaza,' anasema, 'njoo ushike hapa, uone kama haichezi.'"

Kesho yake asubuhi aliipakia mashine kwenye mkokoteni, akairudisha kwa mjane. Njiani alitunga maneno. Mashine ilipokwisha kutuliwa mahali pake, mjane akamkaribisha chai, naye akayasema: "Mama, nimeihangaikia mpaka imepona. Nikaona si vizuri nibaki nayo."

Jino lake la mbele likadondoka kwenye kikombe. Halikuuma hata kidogo. Lilitoka tu, kama skrubu iliyofikia mwisho wa nyuzi zake.

Akaukazia macho mkeka, akasema yote.

"Nilikuona," mjane akajibu bila kupandisha sauti. "Nilirudi kukuuliza sukari, nikakuta unafungua. Nikaona aibu mimi, nikarudi jikoni, nikakohoa ili upate muda wa kumaliza."

Fundi Kaza alitamani sakafu ipasuke. "Umewaambia kina nani?"

"Mkwe hajui. Majirani hawajui. Ningesemaje, mtu aliyekula kwangu tangu kijana? Nimemwambia mwenyewe tu."

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mwenye mashine." Akamimina kikombe cha tatu, akakiweka pasipo na mtu. "Ziko wazi tena zile nne. Anataka uzikaze akiwa anaona."

Fundi Kaza akapiga magoti ubavuni mwa meza ya mashine. Bisibisi ikateleza nje ya mfereji wa skrubu ya kwanza, akaielekeza tena, ikateleza tena.

"Taratibu, baba," mjane akasema kwa upole, akitazama juu ya bega lake. "Anasema hana haraka."