Aliyeitikia Nyuma ya Jukwaa

Mara ya kwanza, mazoezini, Malik alidhani ni mwangwi. Ila mwangwi huo ulitangulia: yeye hajapuliza, tarumbeta imeshalia nyuma yake, kwenye korido iliyoishia ukutani.

Wazungu nao! Simfonia ya mtunzi wao mmoja wa zamani ilipigwa mara moja tu, ikazomewa, mwenyewe akafa na kinyongo. Imelala makabatini miaka mia na ushee, leo hapa Stockholm wameona waifufue. Hakuna aliyeuliza ni nini kingine kitakachoamka nayo.

Malik, mzaliwa wa Bredäng, kitongoji cha jiji hilo, alikuwa mpiga tarumbeta wa kibarua katika okestra iliyopewa kazi hiyo, na tamasha hilo ndilo lingempa ajira au lingemrudisha nyumbani. Kazi yake ilikuwa kusimama peke yake nyuma ya jukwaa: tarumbeta ya ukumbini iite mara tatu, yake iitikie kwa mbali.

"Uitikie?" Mama yake, Mwatumu, mtu wa Tanga, aliacha kumenya viazi. "We mtoto! Ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza!"

"Mamma, snälla," Malik alimsihi kwa Kiswidi. "Ni muziki tu."

"Muziki gani unanuka mshumaa uliozimwa? Si umeniambia mwenyewe?"

Ila Mwatumu hakuwa na moyo wa kumnyima mwanawe kazi, basi Jumamosi mchana, siku ya tamasha, akafuatana naye, akasimama mgongoni mwake koridoni, akisoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona.

Mwito wa kwanza ukaja. Malik akaitikia, na harufu ya mshumaa ikawajia puani.

Wa pili. Taa zikafifia, Malik akaitikia, na alipomaliza wakasikia huko gizani mtu akivuta pumzi, pumzi ndefu ya mpuliza tarumbeta, ikavutwa, ikazidi kuvutwa bila kutolewa, na kila ilivyovutwa ilisogea, mpaka ushungi wa Mwatumu ukaanza kupepea kuelekea nyuma.

"Usigeuke," mama alinong'ona. "Piga zako baba, niko hapa."

Wa tatu. Malik akapuliza kwa roho yake yote, na katikati ya noti sauti ya bibi kizee ikaita kutoka ukutani, taratibu, kwa mapenzi: "Mwatumu! We Mwatumu!"

Dua ikakatika. Ilikuwa sauti ya mama mzazi wa Mwatumu, aliyezikwa Tanga bila bintiye kuwepo, kwa kuwa vibali vyake vya ukaazi vilikuwa havijatoka. Machozi yakamtoka palepale. Na binti aliyelelewa Tanga, akiitwa na mamake, haulizi kwa nini.

"Abee, mama!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Malik alipewa kazi.

Shehe aliitwa akasoma, akaondoka bila kugusa chai. Siku hizi Malik analala kwenye godoro alilolilaza mlangoni, kwa ndani. Humwita mama yake mpaka koo likamkauka, "Mama, ni mimi, Malik," na Mwatumu hageuki kabisa. Kisha ghafla huinua kichwa, hutabasamu.

"Abee," husema, akitafuta viatu vyake. "Nakuja."